Sukari isiyoonekana mezani na madhara yake kwa afya ya watoto

Mzazi anapotaka kumpunguzia mwanawe sukari, aghalabu hukimbilia mkebe ulio jikoni. Badala ya vijiko viwili katika chai, humtilia kimoja, kisha akaridhika kwamba ametimiza wajibu wake. Hata hivyo, sukari ya mkebe ni sehemu tu ya ile anayoila mtoto. Nyingine imo ndani ya mkate, jemu, yogati, sosi ya nyanya, nafaka za kiamshakinywa na juisi za pakiti, na hakuna anayeihesabu.

Ifahamike kwamba si kila sukari ni ya kuogopwa. Tunda zima lina sukari yake ya asili, lakini huandamana na nyuzinyuzi zinazoifanya iingie katika damu polepole. Maziwa nayo yana sukari iitwayo laktosi. Inayotiliwa shaka na Shirika la Afya Duniani (WHO) ni sukari huru, yaani ile inayoongezwa na kiwanda, mpishi au mlaji, pamoja na iliyomo katika asali, shira na juisi ya matunda. Naam, hata juisi halisi iliyokamuliwa nyumbani imo, kwa kuwa nyuzinyuzi nyingi huachwa kwenye chujio.

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2015 unapendekeza sukari huru isizidi asilimia 10 ya nguvu anazopata mtu kutokana na chakula kwa siku, na unaongeza kuwa kushuka chini ya asilimia 5 kuna manufaa zaidi. Mtoto wa miaka mitano huhitaji takriban kilokalori 1,300 kwa siku. Asilimia 10 ya kiasi hicho ni kama gramu 32 za sukari, sawa na vijiko vinane vya chai, kwa kuwa kijiko kimoja hubeba takriban gramu nne.

Hebu tupige hesabu ya siku moja. Asubuhi mtoto anakunywa chai yenye vijiko viwili vya sukari, gramu 8. Mkate wake umepakwa jemu yenye gramu 10. Shuleni anakunywa pakiti ya mililita 250 ya juisi yenye gramu 10 kwa kila mililita 100, hivyo anaongeza gramu 25. Jioni anakula viazi vya kukaanga vilivyotiwa kijiko kikubwa cha sosi ya nyanya, gramu 4, kisha kikombe kidogo cha yogati yenye ladha ya stroberi ambacho kiwandani kiliongezwa gramu 10. Jumla ni gramu 57, zaidi ya vijiko 14. Kati ya hivyo, mama aliona viwili tu vikitoka kwenye mkebe. Hapo hatujataja soda, peremende wala biskuti. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa chovya chovya humaliza buyu la asali.

Madhara huanzia mdomoni. Bakteria wanaoishi kwenye meno huigeuza sukari kuwa asidi, nayo asidi hulila tabaka gumu la nje la jino. Mtoto anayekunywa juisi kidogo kidogo kutwa nzima huyapa meno yake muda mdogo wa kujirekebisha, na vivyo hivyo mtoto mchanga anayelazwa na chupa ya kinywaji kitamu.

Pili ni uzani. Sukari ya vinywaji haishibishi kama chakula kigumu, hivyo mtoto huinywa na bado akala chakula chake chote. Sehemu ya sukari iitwayo fruktosi hushughulikiwa zaidi na ini, na inapozidi hugeuzwa kuwa mafuta. Unene wa kupindukia utotoni huandamana na hatari ya kisukari cha aina ya pili, maradhi ambayo zamani yalihusishwa na watu wazima pekee.

Tatu, na hili ndilo husahaulika, sukari humnyima mtoto chakula cha maana. Aliyeshiba biskuti na juisi hukataa maharagwe, mayai na mboga. Anaweza kuwa mnene ilhali mwili wake una upungufu wa madini ya chuma.

Ni vyema pia kuondoa dhana potovu. Kisukari cha aina ya kwanza, ambacho huwapata watoto wengi, hakisababishwi na kula sukari. Hutokea kinga ya mwili inaposhambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Mzazi wa mtoto kama huyo asilaumiwe. Vilevile, imani kwamba sukari humfanya mtoto awe mtundu haikuthibitishwa na uchambuzi wa tafiti kadhaa uliochapishwa mwaka 1995.

Ushahidi mzito kuhusu miaka ya mwanzo ya uhai ulitoka Uingereza. Nchini humo sukari iligawanywa kwa vipimo tangu wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia hadi Septemba 1953, na vipimo vilipoondolewa, matumizi yalikaribia kuongezeka maradufu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Science uliwalinganisha waliotungwa mimba kabla na baada ya mabadiliko hayo. Waliokulia katika uhaba wa sukari tangu tumboni hadi karibu umri wa miaka miwili walikuwa na hatari ya kisukari cha aina ya pili iliyopungua kwa takriban asilimia 35, na ya shinikizo la damu kwa asilimia 20, miongo mingi baadaye.

Kwa msingi huo, habari za Aprili 2024 zilistahili kuzingatiwa Afrika. Shirika la Public Eye la Uswisi liliripoti kuwa uji wa ngano wa watoto wa miezi sita wa kampuni ya Nestlé, uliouzwa Ujerumani na Uingereza bila sukari ya kuongezwa, ulikuwa na zaidi ya gramu tano kwa kila mlo nchini Ethiopia. Kampuni hiyo ilijibu kwamba hufuata sheria za kila nchi na kwamba imekuwa ikipunguza sukari. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2023 unataka watoto wa miezi sita hadi 23 wasipewe kabisa vinywaji vilivyotiwa sukari.

Je, mzazi afanye nini? Kwanza, asome lebo. Viungo huorodheshwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Sukari ikiwa miongoni mwa vitatu vya mwanzo, bidhaa hiyo ni kitindamlo hata kama picha yake ni ya matunda. Atahadhari na majina ya kuficha: glukosi, dekstrosi, maltosi, molasi, shira ya mahindi, juisi iliyokolezwa. Katika lebo za Kiingereza, mengi huishia na herufi o-s-e. Kiwanda kikitumia aina tatu tofauti, kila moja huonekana kidogo na kushuka chini ya orodha.

Pili, atazame gramu kwa kila gramu 100, kisha agawanye kwa nne kupata vijiko. Katika maziwa na yogati, takriban gramu tano za kwanza ni laktosi. Zilizosalia ndizo zilizoongezwa.

Tatu, abadilishe bila kugharamika. Maziwa lala yaliyopondewa ndizi mbivu yanatosha badala ya yogati ya ladha. Uji wa wimbi unaweza kupunguziwa sukari nusu kijiko kila wiki mpaka ulimi uzoee. Chungwa zima linafaa kuliko juisi yake, na maji safi ndiyo kinywaji cha kufungasha shuleni. Asikimbilie vitamu mbadala, kwa kuwa mwaka 2023 WHO ilishauri visitumiwe kudhibiti uzani.

Ulimi wa mtoto hufunzwa ladha kama anavyofunzwa lugha, na samaki hukunjwa angali mbichi. Aliyezoea uji usio na sukari akiwa na mwaka mmoja hatauona mchungu akiwa na mitano.