Paul Robeson, Mchezaji wa Jukwaani na wa Sinema

Paul Robeson alikuwa Mmarekani Mweusi aliyesifiwa Ulaya na Marekani kwa uigizaji wake na kwa sauti yake nzito ya kuimba.

Alizaliwa mwaka 1898 katika mji wa Princeton. Baba yake alizaliwa mtumwa, akatoroka, kisha akawa mchungaji wa kanisa. Robeson alisoma sheria, akamaliza mwaka 1923. Lakini ubaguzi wa rangi alioukuta katika uwakili ulimfanya aiache kazi hiyo na kushika michezo.

Mwaka 1930 alimwigiza Othello, jemadari wa Venice katika mchezo wa Shakespeare, katika ukumbi wa Savoy mjini London. Desturi ilikuwa Mzungu kujipaka rangi usoni ili amwigize mtu huyo, ijapokuwa Ira Aldridge, Mweusi mwenziwe, alikwisha kumwigiza mjini humo mwaka 1833.

Mwaka 1935 ikatoka picha ya sinema iitwayo Sanders of the River. Robeson, ambaye wakati ule alikuwa akijifunza lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwa kimojawapo, alikubali kumwigiza chifu Bosambo. Alitumaini kuwaonyesha walimwengu heshima ya desturi za Waafrika. Hata Jomo Kenyatta, aliyekuwa akikaa London, alionekana humo miongoni mwa machifu. Lakini picha ilipokwisha kukatwa na kuungwa, ilikuwa sifa tupu za utawala wa Waingereza, na Bosambo amegeuka mtumishi mtiifu wa Bwana Shauri. Robeson aliikana.

Hapo twaona hatari ya kazi hii. Jukwaani, pazia likiisha kufunguliwa, maneno ni ya mchezaji mwenyewe. Katika sinema, mkasi umo mkononi mwa mtu mwingine. Baada ya picha ya Tales of Manhattan ya mwaka 1942, Robeson aliziacha sinema za Hollywood.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwaka 1943 alimrudia Othello mjini New York, na mchezo ukaonyeshwa mara 296, idadi ambayo hakuna mchezo wa Shakespeare uliokuwa umeifikia katika majumba ya Broadway. Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyima pasi ya safari kwa ajili ya maneno yake ya siasa, akarudishiwa mwaka 1958. Mwaka uliofuata alikuwa Stratford, mji aliozaliwa Shakespeare, akimwigiza Othello tena.

Alifariki mwaka 1976.