Je, Kimbunga Hakichagui? Jinsia na Vifo vya Vimbunga Nchini Bangladesh, 1970–2020

Waswahili husema kifo hakichagui. Msemo huu husikika sana baada ya majanga, hasa viongozi wanapowafariji wafiwa: maji hayakuchagua tajiri wala maskini, mume wala mke. Insha hii inaupima msemo huo kwa historia ya Bangladesh, nchi iliyopoteza watu wengi mno kwa vimbunga. Hoja yangu ni kwamba upepo na maji vilikuwa vile vile kwa wote, lakini nani alifika mahali salama na nani alibaki nyuma ni jambo lililoamuliwa na desturi, mgawanyo wa kazi za nyumbani na maamuzi ya serikali. Mambo hayo yaliwekwa na watu, kwa hiyo watu waliweza pia kuyabadilisha.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Sehemu kubwa ya Bangladesh ni delta ya mito ya Ganges, Brahmaputra na Meghna. Pwani yake iko mita chache tu juu ya usawa wa bahari, na mbele yake Ghuba ya Bengal inazidi kuwa nyembamba kuelekea kaskazini. Kimbunga kinapoingia humo husukuma maji mbele yake, na maji hayo yakikosa nafasi hupanda na kuvamia nchi kavu. Ndiyo maana wanaokufa kwa kuzama ni wengi kuliko wanaouawa na upepo.

Usiku wa tarehe 12 Novemba 1970, wakati eneo hilo bado likiitwa Pakistan ya Mashariki, kimbunga cha Bhola kiliua watu wasiopungua 300,000. Katika historia ya siasa, kimbunga hicho hukumbukwa kwa hasira kilichoibua. Serikali ilichelewa kutoa msaada, chama cha Awami League kikashinda uchaguzi wa Desemba mwaka huo, na mwaka uliofuata vita vya uhuru vikaizaa Bangladesh. Swali ambalo huulizwa mara chache ni hili: waliokufa walikuwa akina nani?

Jibu lilitolewa mapema. Madaktari Alfred Sommer na Wiley Mosley walipita vijijini baada ya kimbunga na kuchapisha matokeo yao mwaka 1972. Waligundua kwamba watoto, wazee na wanawake ndio waliokufa zaidi, na kwamba wanaume wa miaka 15 hadi 49 ndio walionusurika zaidi. Manusura wengi walikuwa na michubuko mikubwa kifuani, mikononi na mapajani, kwa sababu waliyashinda maji kwa kukumbatia miti. Mtu mwenye mikono mitupu aliweza kuushika mti mpaka maji yapungue. Mama aliyeshika watoto wawili ilimbidi achague kati ya mti na mtoto.

Mwaka 1972 Bangladesh, kwa ushirikiano na Msalaba Mwekundu, ilianzisha Mpango wa Kujiandaa kwa Vimbunga. Watu wa kujitolea walipewa redio, bendera na vipaza sauti ili wavitahadharishe vijiji. Hata hivyo, wengi wao walikuwa wanaume, na habari zilipita zaidi sokoni, msikitini na barabarani, mahali ambapo wanaume hukutana.

Upungufu huo ulionekana usiku wa tarehe 29 Aprili 1991. Kimbunga kilipiga Chittagong, Cox's Bazar na visiwa vya jirani, maji yakapanda mita kadhaa, na watu wapatao 138,000 wakafa. Tahadhari ya hatari kubwa ilikuwa imetolewa. Pamoja na hayo, miongoni mwa watu wa miaka 20 hadi 44, wanawake waliokufa walikuwa 71 katika kila 1,000, ilhali wanaume walikuwa 15. Hawa hawakuwa vikongwe wala watoto, bali watu wa umri wa nguvu.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Sababu ya kwanza ni desturi ya purda, yaani mwanamke kutawa ndani. Mwanamke wa kijijini hakutoka bila idhini ya mume au mkubwa wa nyumba, na mume akiwa sokoni au baharini, mke alimsubiri huku maji yanapanda. Ya pili ni mgawanyo wa kazi. Watoto, wazee, kuku, mbuzi na chakula cha akiba vilikuwa chini ya uangalizi wa mwanamke, naye aliogopa lawama endapo angeviacha na kimbunga kisije. Ya tatu ni vituo vya hifadhi vyenyewe. Vilikuwa mia chache tu, na mara nyingi havikuwa na chumba wala choo cha wanawake, hivyo kulala humo katikati ya wanaume wageni kulihesabiwa kuwa aibu. Ya nne ni mwili na mavazi: wasichana wengi hawakufundishwa kuogelea wala kupanda miti, na sari ndefu ikilowa humfunga mtu miguu.

Wapo watakaosema kwamba sababu kubwa ni nguvu za mwili, na kwamba hakuna sera inayoweza kuzibadilisha. Hoja hii ina ukweli kiasi, lakini utafiti uliofanywa baada ya kimbunga cha 1991 unaipunguzia uzito. Katika kaya zilizochunguzwa, karibu asilimia 22 ya watu ambao hawakufika kwenye jengo la matofali au zege walikufa, ilhali wote waliokimbilia majengo hayo walipona. Ndani ya jengo imara nguvu za mikono hazikuwa na kazi. Basi swali la msingi si nani angeweza kuushika mti, bali nani alizuiwa kufika kwenye jengo.

Baada ya 1991 mambo yalianza kubadilika. Vituo vya hifadhi viliongezeka hadi kufikia maelfu. Vingi hutumika kama shule siku za kawaida, kwa hiyo mama anayeitwa kukimbilia humo anaitwa mahali anapopajua. Vipya vilitengewa vyumba vya wanawake, na baadhi vikapata nafasi ya mifugo. Wanawake nao waliingizwa katika Mpango, na leo ni karibu nusu ya watu wa kujitolea zaidi ya 70,000. Mwanamke anaweza kuingia hadi jikoni kwa jirani yake na kumwambia: twende sasa. Kimbunga cha Sidr cha Novemba 2007 kiliua watu wapatao 3,400, na wanawake bado walizidi wanaume. Kimbunga cha Amphan kilipokuja Mei 2020, zaidi ya watu milioni 2 walihamishwa, na waliokufa nchini humo hawakufika 50. Ni kweli kwamba vimbunga hivi havikulingana kwa nguvu wala kwa mahali vilipopiga, lakini tofauti kubwa kiasi hicho haielezwi na hali ya hewa peke yake.

Hata hivyo, kuhesabu maiti hakumalizi habari. Kimbunga cha Aila cha Mei 2009 kiliua watu wachache kuliko Sidr, lakini kilibomoa matuta ya kusini magharibi na kujaza maji ya chumvi mashambani na kwenye mabwawa. Wanaume wengi walikwenda mijini kutafuta vibarua, na wanawake waliobaki wakatembea mbali zaidi kutafuta maji ya kunywa. Kadiri bahari inavyopata joto na kupanda, wanasayansi wanatarajia mawimbi ya juu zaidi na chumvi nyingi zaidi. Mafanikio ya Bangladesh yamekuwa makubwa katika usiku wa kimbunga wenyewe kuliko katika miaka inayoufuata.

Kwa kuhitimisha, kifo huenda hakichagui, lakini katika historia hii jamii ilichagua kabla maji hayajafika. Ilichagua ilipoamua nani apewe habari, nani aombe ruhusa ya kutoka, na choo cha nani kijengwe. Serikali inayopanga kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi ina la kujifunza hapa. Pamoja na kuuliza tuta liwe na urefu gani, iulize pia nani nyumbani ana ruhusa ya kufungua mlango na kuondoka.