Madoa ya jua na Mto Nyamwamba

Wanafunzi wetu hapa Bulembia walituuliza: eti madoa ya jua ndiyo yanaleta mafuriko? Si swali la kijinga. Mwaka 1923 Brooks, mtaalamu Mwingereza wa hali ya hewa, alionyesha Ziwa Victoria likipanda na kushuka pamoja na madoa hayo, yanayoongezeka na kupungua kila miaka 11 hivi. Haikupita miaka mingi, ziwa likaacha kufuata.

Sisi tukachora mstari ubaoni. Nyamwamba ulibomoa nyumba Kilembe Mei 2013, madoa yakiwa mengi. Ukarudi Mei 2020, jua likiwa karibu halina doa! Darasa likanyamaza. “Basi jua peke yake halitoshi,” akasema mmoja. Jumamosi tunaenda nao mtoni, wapime maji wenyewe.