Kwa Nini Miezi Tisa?

Mama yeyote anayepeleka mtoto kliniki hapa Kitale anajua: mtoto akifikisha miezi tisa, anadungwa sindano ya ukambi. Kwani nani aliamua tisa? Niliacha chuo mwaka wa pili na hakuna aliyekuwa amenieleza. Aliyenifanya nitafute jibu ni Kukhu, nyanya yangu wa Bungoma. Alizaa watoto tisa, wakakua saba. Hao wawili walichukuliwa na ukambi mwanzoni mwa miaka ya sabini.

Mdogo alikuwa hajamaliza mwaka. Mtoto huzaliwa na kinga ya kuazima: kingamwili za mama humfikia tumboni kupitia kondo la nyuma, zikamlinda miezi ya kwanza, kisha zikaisha polepole kama mafuta kwenye koroboi. Chanjo ya ukambi nayo ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Ukimdunga mapema mno, kinga ya mama inavimaliza kabla mwili wa mtoto haujajifunza kitu. Ukichelewa, ukambi wenyewe, unaosafiri hewani kwa kikohozi na chafya, unamfikia kwanza.

Chanjo hiyo ilipoidhinishwa Marekani mwaka wa 1963, wenzetu wangeweza kungoja. Watoto wao wengi waliugua wakiwa wakubwa kidogo. Huku kwetu ukambi haukungoja. Wizara ya Afya ya Kenya na Shirika la Afya Duniani wakachunguza kinga ya watoto wa Kenya katika mwaka wao wa kwanza, wakachapisha matokeo mwaka wa 1977. Kazi ya aina hiyo ndiyo iliyosaidia kufikia miezi tisa. Si namba takatifu, ni maelewano: katika umri huo, takriban watoto 85 kati ya 100 hupata kinga kwa sindano moja. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza 1980. Kukhu alikuwa ameshazika.

Kisa cha yule mkubwa ndicho kilichonisumbua zaidi. "Ukambi ulikuwa umeisha, mjukuu," Kukhu aliniambia. "Alikuwa anacheza." Wiki chache baadaye akafa kwa homa ya mapafu. Watu walisema mengi, unajua vile mtaa husema. Lakini virusi vya ukambi hushambulia hata chembe zinazohifadhi kumbukumbu ya magonjwa ambayo mwili umeshapigana nayo. Mwaka wa 2019 watafiti waliopima damu ya watoto wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa walionyesha kwamba ukambi ulifuta kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili zao. Mtoto anapona vipele, halafu anakutana na vijidudu vya zamani kama mgeni.

Sasa hesabu inabadilika tena. Dada yangu alichanjwa, hakuugua. Mama wa namna hiyo humpa mtoto kingamwili chache kuliko aliyeugua kama Kukhu, kwa hivyo koroboi huzima mapema. Ndiyo maana, ukambi ukizuka, watoto wanaweza kudungwa wakiwa na miezi sita, kisha warudi ya tisa. Kenya iliongeza sindano ya pili, ya miezi 18, mwaka wa 2013. Hiyo ndiyo husahaulika, mtoto akishaanza kukimbia. Kijitabu cha mpwa wangu bado kina nafasi tupu hapo, Jumatatu tunaenda.