Siku Daftari Lilipokuwa Ng'ambo

Katika historia ya miaka kumi ya Chama chetu haifai kuusahau mwezi wa Mei 2024. Tarehe 12 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na intaneti ikazorota nchini. Hapa Michenzani kompyuta ya karani haikuiona ile yenye daftari la hisa, ingawa zilikuwa chumba kimoja. Wakulima waliokuja kuchukua mikopo ya mbegu walirudi mikono mitupu.

Karani aliiita kompyuta ile kwa nambari yake badala ya jina. Ikaitika mara moja. Basi waya ulikuwa mzima. Kilichokosekana ni orodha ya kugeuza majina kuwa nambari, nayo ilikuwa ng'ambo. Kabla ya Paul Mockapetris kubuni utaratibu wa leo mwaka 1983, kila kompyuta ilikuwa na nakala yake ya orodha hiyo. Tukarejea desturi hiyo: nambari zikathibitishwa zisibadilike, majina yakaandikwa ndani ya kila mashine. Kesho yake wakulima walilipwa.

Mali ya Chama ikiwa nyumbani, ufunguo wake nao ukae nyumbani.