Umbo Moja, Maana Mia Nne: Historia ya Neno "Set" na Funzo Lake kwa Mtafsiri

Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, iliyoanza kubuniwa na Chama cha Filolojia cha London mnamo 1857 na kukamilika 1928, ilitolewa upya mwaka 1989 katika mabuku 20. Katika toleo hilo kitenzi *set* kilihesabiwa kuwa na maana zipatazo 430. Idadi hiyo aghalabu hutajwa kuwa ithibati ya utajiri wa Kiingereza. Makala haya yanadai kwamba ni ithibati ya historia tu.

Katika Kiingereza cha Kale, *settan* lilikuwa umbo la kusababisha la *sittan*, yaani "keti". Uhusiano wao ulikuwa sawa na ule wa "keti" na "ketisha". Kiambishi kilicholizalisha kilidondoka, kikaacha badiliko la irabu tu. Msemaji alipoacha kuuhisi unyambuzi huo, neno lilifunguka likabeba kila namna ya kuweka. Baadaye viambishi vingine vilipukutika, na Kiingereza kikategemea vielezi vifupi: *set up*, *set out*, *set in*. Wanaleksikografia waliorodhesha miungano hiyo yote chini ya kitenzi kimoja. Isitoshe, nomino *set* yenye maana ya kundi ilitokana na Kifaransa cha Kale, na asili yake ni Kilatini *secta*. Nasaba mbili zikakutana katika umbo moja.

Kiswahili kimefuata njia nyingine. Mtego hutegwa, mtihani hutungwa, moto hutiwa, tanga hutwekwa, mfupa hungwa, meza huandikwa, saruji hushika, nalo jua hutua. Kiingereza hutumia *set* katika hali zote hizo. Tulipolikopa neno lenyewe, tuliteua hasa nasaba moja: "seti" ya vyombo, au ya hisabati.

Hivyo basi, mtafsiri anayetafuta kisawe kimoja cha *set* hutafuta kisichokuwapo, na mwanafunzi anayekiona Kiswahili kuwa kichache wa maneno kwa kukosa kisawe hicho amepotoshwa na hesabu. Hata sisi tuna "piga": tunapiga simu, pasi, picha, hodi na magoti. Swali la kuuliza si neno lina maana ngapi, bali lugha imeuweka wapi mzigo wa maana: katika umbo moja, katika mnyambuliko, au katika wingi wa vitenzi. Kamusi zetu za lugha mbili zinapaswa kujengwa juu ya swali hilo.