Ukuta Nao Una Historia: Kabla Hujabandua Karatasi za Chumba Geita

Siku hizi njia ya dhahabu, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita, haikosi mwanamke wa visiwani aliyemfuata mume au biashara. Ukipata chumba cha kupanga, kitu cha kwanza unachotaka ni kubandua karatasi za ukutani za mpangaji aliyetangulia, upake rangi unayoipenda. Ni jambo jema. Lakini ukuta wa huko umepitia mengi, na yaliyo chini ya karatasi yanaweza kugusa afya ya mtoto wako.

Tuanze mbali kidogo. Usukumani, kupamba ukuta wa ndani si jambo lililoletwa na maduka. Chama cha wacheza nyoka, Bayeye, kilikuwa na nyumba za kuwafundishia wanachama wapya, na kuta zake zilichorwa nyoka, watu na alama ambazo mgeni hakuzielewa. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeitumikia serikali ya Tanganyika, alikusanya michoro hiyo katika kitabu kilichotoka London mwaka 1953. Katika miaka hiyohiyo ya 1950, padri Mkanada David Clement alianza kuhifadhi mambo ya Wasukuma pale Bujora, karibu na Mwanza, ambako leo kuna makumbusho. Kwa hiyo ukuta ulikuwa daftari. Aliyepaka upya alifuta somo moja na kuandika jingine.

Kisha yakaja machimbo. Geita ilichimbwa dhahabu tangu miaka ya 1930 hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1966. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui, Shinyanga. Mgodi mkubwa wa Geita ukafunguliwa tena mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Pembeni ya migodi hiyo mikubwa wapo wachimbaji wadogo, wanaohama kila wanaposikia dhahabu imeonekana kwingine. Chumba kimoja hupokea mtu, humwaga, hupokea mwingine. Kila mmoja hubandika lake juu ya la mwenzake: gazeti, kalenda, halafu karatasi ya maua.

Hapa ndipo penye jambo zito. Mchimbaji mdogo hutumia zebaki kunasa chembe za dhahabu, kisha huichoma ili zebaki iruke kwa mvuke na dhahabu ibaki. Wapo wanaochomea nyumbani, hata ndani ya chumba cha kulala. Ule mvuke haupotei wote. Ukipoa hutua sakafuni, darini na ukutani, na ukuta wa udongo au lipu huunyonya. Zebaki hudhuru ubongo na figo, na humfikia mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo kabla ya kulipa kodi, uliza bila haya: aliyekaa hapa alikuwa akifanya kazi gani, na je, alichomea dhahabu humu? Ukiambiwa ndiyo, tafuta chumba kingine. Rangi mpya si dawa ya zebaki.

Hatari ya pili ni rangi ya zamani yenyewe. Madini ya risasi yaliwekwa kwenye rangi kwa karne nyingi ili ing'ae na idumu. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia risasi nyeupe katika kupaka majengo kwa ndani, na kuwakataza wanawake na vijana chini ya miaka 18 kuajiriwa kupaka rangi hiyo. Marekani iliizuia rangi ya risasi majumbani mwaka 1978 tu. Leo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Basi fanya hivi. Mwenye mimba na watoto wakae nje ya chumba hadi kazi iishe. Fungua madirisha. Lowesha karatasi kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, subiri ilainike, ndipo uibandue kwa kisu bapa. Usipige msasa mkavu kwenye rangi usiyoijua, maana vumbi ndilo linaloingia mwilini. Futa kwa kitambaa kibichi, usifagie. Ziba nyufa kwa puti, acha ikauke, paka rangi ya msingi, kisha mikono miwili ya rangi ya maji.

Na tukumbuke Mama yetu Aisha, Allah amridhie. Alitundika pazia lenye picha, Mtume, rehma na amani zimshukie, hakulipenda, naye akalikata akalifanya mito. Katika mapokezi ya Muslim, Mtume alieleza kwamba Allah hakutuamrisha kuyavisha mawe na udongo. Bibi Aisha hakubishana wala hakutupa kitambaa. Alikigeuza kikawa cha manufaa.

Nasi chumba kidogo kinatutosha kikiwa safi, chenye hewa, na ukuta ambao mtoto anaweza kuuegemea bila kudhurika. Allah azibariki nyumba zenu, za visiwani na za bara.